Oili humwagwa lini? Hesabu saa za injini kabla ya kilomita

Mwaka juzi shangazi yangu wa Tudor, Mombasa, aliniita nimtazamie gari lake. Ni Vitz ya lita 1.0, na kazi yake ni sokoni Kongowea, zahanati, na kuwapeleka wajukuu chuoni. "Mwanangu, asubuhi nikiliwasha lagonga kama kopo la mawe, kisha lanyamaza lenyewe." Nikamwuliza oili imemwagwa na kutiwa mpya lini. Akaninyoshea kikaratasi alichobandika fundi pembeni mwa kioo cha mbele. "Si wamesema elfu tano? Zimebaki kama mia tisa hivi."

Hesabu yake ya kilomita ilikuwa sawa kabisa. Lakini tarehe ya kikaratasi kile ilikuwa imeshapita miaka miwili. Nikafungua kifuniko cha oili juu ya injini, na upande wa ndani nikakuta kitu cheusi kizito kimegandamana kama halua iliyoungulia sufuriani. Nikakikwangua kwa kidole na kukigeuza chini. Hakikudondoka.

Tangu siku ile kila anayeniuliza "oili nimwage baada ya kilomita ngapi?" humwambia kwanza nieleze gari lako huishi vipi. Kilomita elfu tano za shangazi na elfu tano za mtu anayekwenda Voi kwa barabara kuu kila wiki ni vitu viwili tofauti, japo mita ya gari huziandika kwa namba zilezile.

Kwanza, oili huchakaa vipi

Oili hulainisha vyuma, hupoza sehemu ambazo maji hayafiki, na hubeba masizi na uchafu hadi kwenye filta. Ndani yake mna dawa za kuosha, za kuzuia kutu na za kuua asidi inayotokana na petroli kuungua. Dawa hizo huisha. Joto nalo huila oili yenyewe: kila joto lipandapo nyuzi 10 hivi, kasi ya kuoza kwake karibu huwa maradufu.

Safari fupi zina ubaya wake wa peke yake. Injini ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo pamoja na petroli isiyoungua huteremka kwenye oili. Ukienda mwendo wa kutosha oili hupata joto na vitu hivyo hukauka. Ukizima baada ya dakika saba, hubaki. Mshale wa joto kwenye dashibodi usikudanganye hapa: huo hupima maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Watu husema Mombasa kuna joto, kwa hivyo injini hupasha haraka. Ni kweli kiasi, lakini Tudor hadi Kongowea bado ni karibu mno.

Hatua ya 1: Tafuta maneno ya aliyeitengeneza injini

Magari mengi tunayoendesha yameshuka bandari ya Kilindini kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kitabu chake ama ni cha Kijapani, ama hakimo kabisa. Fungua boneti au mlango, tafuta kibati chenye namba ya chasi na jina la injini (1KR, 1NZ, 2AZ na kadhalika), kisha tafuta intaneti kitabu cha injini hiyohiyo kwa lugha unayoisoma.

Toyota, kwa wateja wake wa Japani, husema injini ya petroli isiyo na tabo (feni inayoisukumia injini hewa) imwagwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kitakachotangulia. Yenye tabo ni 5,000 au miezi sita. Wengi wakisoma hapo hufurahi na kufunga kitabu. Shuka mistari kadhaa chini utakuta habari ya matumizi magumu, ambayo hukata namba hizo nusu: 7,500 au miezi sita, na kwa tabo 2,500 au miezi mitatu. Matumizi magumu ni yapi? Barabara mbovu au ya vumbi, milima mingi, safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8, na gari kukaa injini ikiwaka au kutambaa polepole kwa muda mrefu.

Isome orodha hiyo ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, au Changamwe jioni nyuma ya malori ya kontena. Wengi wetu tumo ndani yake.

Na hii elfu tano ya mafundi imetoka wapi? Inafanana mno na maili 3,000 walizozoea Wamarekani zamani, ambazo ni kama kilomita 4,800. Ilikuwa namba nzuri kwa oili za wakati ule. Oili zimebadilika: alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, iliyo nyuma ya kopo imepanda kutoka SL mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, hadi SP mwaka 2020. Fundi anayekuambia elfu tano hakuibii. Anakupa namba moja ya kumtosha kila mtu kwa sababu hajui wewe unaendesha wapi.

Hatua ya 2: Hesabu saa

Injini haijui kilomita. Inajua imezunguka saa ngapi. Gari likiwa na kioo cha dashibodi kinachoonyesha mwendo wa wastani, soma namba hiyo. Kama halina, kwa wiki moja andika kwenye simu dakika ambazo injini imewaka, na mwisho wa wiki gawanya kilomita kwa saa.

Chukua mtu wa Kisauni anayevuka daraja la Nyali kuingia mjini asubuhi na kurudi jioni. Akipata wastani wa kilomita 15 kwa saa, elfu tano zake ni saa 333 za injini. Mwenzake anayeuza bidhaa Kilifi, Malindi na Voi akipata wastani wa 60, elfu tano zake ni saa 83. Kikaratasi kwenye kioo ni kimoja, lakini injini ya wa kwanza imefanya kazi mara nne.

Kuna namba nyingine ambayo ilinifungua macho. Ford, kwenye baadhi ya vitabu vya magari yake, husema saa moja ya injini kuwaka gari likiwa limesimama ihesabiwe kama maili 33, yaani kilomita 53. Sasa weka mtu wa Likoni anayesubiri feri nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kiyoyozi kikiwaka. Kwa siku 25 za kazi hizo ni saa 25, kama kilomita 1,300 kila mwezi ambazo mita haitaziandika popote. Ukiona feri imejaa na mlango unafungwa mbele yako, zima injini, fungua madirisha. Upepo wa bahari upo.

Kipimo changu mwenyewe, kwa injini ya petroli isiyo na tabo, yenye afya, ikitumia oili ya sintetiki (iliyoundwa kiwandani, si ya kawaida) ya daraja linalotakiwa, ni saa 250. Zidisha kwa mwendo wako wa wastani: 20 kwa saa ni kilomita 5,000, 30 ni 7,500, 40 ni 10,000. Wa Kisauni atapata 3,750. Zaidi ya 10,000 mimi siendi hata hesabu ikiniruhusu, na oili ya kawaida isiyo ya sintetiki huipa saa 200 tu, wala siipitishi 5,000.

Hatua ya 3: Weka namba yako, na tarehe pembeni yake

Namba ni mbili siku zote, kilomita na miezi, na inayofika mwanzo ndiyo inayotawala. Gari la mjini la kila siku: hesabu yako ya saa, au miezi sita. Gari la barabara kuu: 10,000 au mwaka kwa sintetiki. Gari la kuendea sokoni na msibani, kama la shangazi: miezi sita, usitazame mita kabisa.

Teksi ya programu ya simu inayopiga kilomita 150 kwa siku hufika elfu tano kwa mwezi na siku chache. Injini yake haipoi mchana kutwa, kwa hivyo mvuke si tatizo lake. Tatizo lake ni kusubiri abiria na kiyoyozi. Ikitiwa oili nzuri inaweza kufika 6,000 hadi 7,500, kwa sharti kwamba dereva apime kila wiki.

Mwenye tabo ya petroli, 5,000 au miezi sita, na ukishinda mjini punguza zaidi. Tabo huzungushwa na moshi wa moto mkali, na beringi zake hutegemea utepe mwembamba wa oili. Hapo sina la kujadiliana na mtu.

Ukinunua gari jipya kutoka bandarini, mwaga oili na filta wiki hiyohiyo. Hujui imekaa humo tangu lini. Ikitoka nyeusi na nzito, rudia baada ya kilomita 1,000 au 2,000.

Hatua ya 4: Pima. Hii ndiyo hatua inayookoa injini

Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mtu jambo moja tu la gari, ningemfundisha kuvuta kijiti cha oili. Injini nyingi nilizoona zikifunguliwa hazikuharibiwa na oili iliyozeeka. Ziliharibiwa na oili iliyokwisha huku mwenyewe akisubiri kilomita zifike.

Fanya asubuhi kabla ya kuwasha, kila baada ya wiki mbili, na kabla ya safari ya Nairobi. Gari liwe pahali palipo sawa. Maegesho mengi ya magorofa yetu yameinama, na ukipima hapo utapata uongo. Vuta kijiti, kifute kwa tishu hadi kikauke, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena na ukishike kimelala. Oili iwe kati ya alama mbili, na ipendelee ya juu. Kwenye magari mengi madogo, toka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja.

Gusisha ncha kwenye tishu safi na uache dakika chache. Oili itatawanyika na kufanya duara. Ikiacha kitone kizito katikati kisichotawanyika, imebeba masizi mengi. Rangi nyeusi peke yake isikutishe. Oili inayoosha lazima ichafuke, na ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yanaingia, nenda kwa fundi wa gasketi kabla hujaendesha tena. Oili ikipanda juu ya alama bila wewe kuongeza, tena ina harufu ya petroli, basi ni petroli inayoteremka ndani yake.

Sasa hesabu hii. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox nyingi hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Tuseme imezeeka na inakula nusu lita kila kilomita 1,000. Ikifika 5,000 imekula lita mbili na nusu. Imebaki lita 1.2, na mwenye gari anasema "nafanya sevisi kwa wakati". Baadhi ya injini zinajulikana kwa ulaji huo: 2AZ ya lita 2.4, iliyotiwa kwenye RAV4, Estima na nyingine za miaka ya 2000, ilisumbua kiasi kwamba Toyota ilirefusha dhamana nchini Marekani na kubadilisha pistoni na ringi. Ukiwa nayo, kopo la lita moja likae kwenye buti siku zote, na upime kila wiki.

Na ile taa nyekundu yenye umbo la birika: haikuambii oili imepungua. Inakuambia presha ya oili haipo, vyuma vinasagana sasa hivi. Nilikuwa kwenye gari la rafiki tukitoka Mtwapa, taa ikawaka Shanzu. Akasema, "Kaka, tufike tu Bamburi, pale kuna fundi namjua." Mlio ulianza kama kijiko kinachogonga kikombe, ukawa nyundo, na Bamburi tulifika tukivutwa kwa kamba. Taa hiyo ikiwaka, weka kando, zima, hapohapo.

Hatua ya 5: Nunua inayofaa

Tazama kifuniko cha oili, mara nyingi daraja la uzito wa oili limeandikwa hapo: 0W-20, 5W-30 (namba ndogo ni oili nyepesi). Mombasa utaambiwa "hapa joto, tia nzito, tia 20W-50". Lakini joto la nje si kitu kikubwa kwa injini iliyokwisha pasha. Maji na kidhibiti chake huiweka karibu nyuzi 90 iwe Nyali au Nyahururu. Injini za leo zina vijia vyembamba na vifaa vya kugeuza vali vinavyosukumwa na presha ya oili, na oili nzito hufika kwa kuchelewa, hasa kwenye haibridi ambayo injini yake huwaka na kuzimika njia nzima. Vitabu vingi vinavyotaja 0W-20 huruhusu 5W-30, na hapo mimi hukubali. Injini kuukuu inayokula oili unaweza kuipandisha hatua moja. Kutoka 0W-20 kurukia 20W-50 ni kuificha kelele huku ukiumiza vali.

Oili bandia ipo, na hutiwa kwenye makopo matupu ya oili halisi. Nunua kwenye kituo cha mafuta au duka linalokupa risiti, kagua utepe wa kifuniko haujakatika, na ukimaliza toboa kopo kwa bisibisi kabla ya kulitupa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Simama hapo. Usiache ufunguo ukaenda kunywa chai. Injini iwe na uvuguvugu wa mwendo wa dakika kumi, oili iteremke vizuri. Nati ya chini, kwenye Toyota nyingi ni ya spana 14, ifunguliwe kwa mkono na ibadilishwe ringi yake. Acha oili ishuke hadi iwe matone. Filta mpya kila mara, ijapokuwa ratiba ya Japani huruhusu kuruka mara moja. Bei yake ni ndogo, na filta mbovu huvujisha oili usiku na kuiacha injini kavu asubuhi. Mpira wa filta upakwe oili kidogo, na filta ikazwe kwa mkono. Nati nayo ikazwe kwa kiasi, kwa sababu hizi za kukazwa kwa nguvu zote ndizo zinazoua meno ya karai la oili lililo chini ya injini.

Fundi akitaka kuosha injini kwa kumimina dizeli, mwambie kwa heshima, "Hapana, fundi, hiyo tuache." Dizeli hailainishi beringi kama oili, na inaweza kung'oa uchafu kwa mkupuo ukaziba mdomo wa kunyonyea oili.

Tia pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu, washa dakika moja, zima, subiri tano, pima, ongeza hadi karibu na alama ya juu. Kuzidisha nako ni kosa: oili ikigusa kombo la injini (chuma kinachozungushwa na pistoni) hupigwa povu, na povu halilainishi.

Oili chafu iende kwenye pipa la gereji linalochukuliwa na watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Usikubali imwagwe mtaroni. Mitaro yetu haina safari ndefu, ni hapo tu kwenye mikoko ya Tudor na Makupa, wanapozaliana kamba na samaki tunaowanunua.

Gari la shangazi tulimwaga oili siku ileile, tukatia 5W-30 ya sintetiki na filta mpya, bila dawa yoyote ya kuosha. Baada ya miezi miwili tukamwaga tena, ikatoka nyeusi tititi. Mara ya tatu ilitoka ya kahawia, na kule kugonga kwa asubuhi kukabaki kwa sekunde moja tu. Kikaratasi cha kilomita nilikibandua. Nikamwuliza ataikumbuka vipi miezi sita, akafikiri kidogo, akasema, "Nitamwaga Maulidi, nitamwaga tena Ramadhani." Nikahesabu kwa vidole: kutoka Mfungo Sita hadi Ramadhani ni miezi sita kamili.